Usingoje Kusalimiwa Ugenini

Nakumbuka mchana ule mwanamke mzee aliponisimamia pale bombani Jinja, mikono kiunoni, akaniuliza kama mama yangu alinizaa bila mdomo. Ndoo yangu ilikuwa inajaa. Mimi nilikuwa bibi arusi wa juzi tu, macho yamevimba kwa kulia, na mzigo wangu ulikuwa umeshafungwa kule nyumbani, tayari kurudi kwetu Kaptagat. Leo nina mvi mpaka kwenye nyusi, na swali lile likinijia nikiwa napepeta mahindi, nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanatoka jikoni kuuliza, "Kogo, ni nini tena?" Kogo ndiyo nyanya kwa lugha yetu ya Kikalenjin. Nawaambia ni Nakagolo. Wao hawamjui Nakagolo. Lakini wewe utamjua sasa hivi.

Mwanangu, siku hizi hapa Eldoret ni vigumu kupata nyumba isiyo na mtoto ng'ambo. Bisha hodi Langas, bisha Huruma, panda mpaka kwetu Kaptagat, utaambiwa mmoja yuko Kanada, mwingine Qatar, mwingine Finland anauguza wazee wa watu. Tunawasindikiza kwa nyimbo na maombi. Tunawajazia sanduku unga wa wimbi na majani chai mpaka zipu inakataa. Kila kitu cha tumbo tunawapa. Neno la kuwapa furaha wakishafika huko, hilo tunasahau kulipakia. Na mimi hilo neno niko nalo! Nililiokota nchi ya watu nikiwa na matope magotini, na sitaki nife nalo.

Basi sikia ilivyokuwa.

Niliolewa na Arap Sang akiwa tayari ameandikwa kazi katika kiwanda cha nguo huko Jinja, Uganda. Alikuwa fundi wa mashine za kusokota. Tulipanda garimoshi hapa Eldoret, mimi na yeye na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Mama mkwe alikifunga kile kibuyu kwa mkono wake mwenyewe, akanishika bega pale stesheni na kuniambia, "Huko uendako, usiniaibishe. Wakubwa waheshimu. Usiwe mtu wa kurukia watu na salamu kama mlevi."

Nikaitikia. Kwani nilikuwa mgeni wa adabu? Kwetu, mwanangu, mkubwa ndiye huanza. Wewe mdogo ukikutana na mama wa rika la mama yako, unapunguza mwendo, macho yanashuka chini kidogo, unangoja. Yeye atasema "Chamgei," nawe utaitikia kwa furaha. Ukimwanza wewe, ni kama umemwambia, sisi ni marika, sogea tukae. Hiyo nililelewa nayo, na mama yangu Tapsubei hakuwa mtu wa kurudia funzo.

Jinja ikanipokea kwa joto. Lo! Joto lile la ziwani linalala juu ya mtu kama blanketi iliyoloa. Tulipewa chumba katika laini za wafanyakazi, nyumba zimeshikana kama ng'ombe wakati wa mvua, na mbele yake bomba moja la maji. Pale bombani ndipo wanawake wote walikutana asubuhi. Walikuwa Wasoga wengi, na wengine wa kutoka Tororo na Busia. Wengi walinizidi umri. Kwa hivyo siku ya kwanza nilifika na ndoo yangu, nikasimama kando kwa heshima zote nilizofundishwa, macho chini, nikingoja kusalimiwa.

Wakanyamaza. Walikuwa wakicheka kabla sijafika, na nilipofika wakanyamaza. Nikateka maji, nikaondoka. Nyuma yangu kicheko kikaanza tena.

Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa.

Unajua, mwanangu, akili ya mtu mpweke ni fundi mkubwa. Ukiipa uzi mmoja, inakufumia shuka nzima. Nilianza kuambiwa na akili yangu kwamba wananicheka kwa sababu ya rangi yangu, kwa sababu ya masikio yangu yaliyotobolewa, kwa sababu sijui lugha yao. Nikaacha kwenda asubuhi. Nikawa nateka maji saa za jua kali wakati hakuna mtu. Halafu nikaacha hata kufungua dirisha. Chakula nilichopika kilikuwa kinapungua ladha kila siku, na Arap Sang, maskini, alikula akisifu. Aliporudi kutoka zamuni jioni, nywele zimejaa nyuzi za pamba kama mzee wa zamani, aliniuliza, "Leo je?" Namjibu, "Leo kama jana."

Mwishowe nikamwambia nataka kurudi kwetu.

Usifikiri hilo lilikuwa neno dogo. Shangazi yangu Tapkigen alikuwa ameniambia wazi kabla sijaolewa: mume ukimwacha mjini, mji utamwoza mke mwingine. Na nilijua ni kweli, kwa sababu tulikuwa nao vijijini, wale wanawake wanaongoja waume zao waje Krismasi mpaka wanazeeka. Nilimpenda Arap Sang. Lakini nilijiona kama mche uliong'olewa, ukabaki juani mizizi nje. Nikaona heri nimkose yeye kuliko nikauke. Yeye hakunibishia. Alisema tu, "Jumamosi sina zamu, nitakupeleka stesheni." Akatoka nje akasimama muda mrefu akiangalia barabara, ambapo hakukuwa na kitu cha kuangalia.

Ilikuwa Alhamisi nilipomaliza kufunga mzigo. Nikachukua ndoo, jua likiwa kichwani, nikaenda bombani. Na hapo ndipo Nakagolo aliponitokea.

Huyu Nakagolo alikuwa mjane, mnene, mweusi wa kung'aa, akiishi na mwanawe chumba cha tatu kutoka kwetu. Kiswahili chake alikiokota kwa marehemu mumewe, aliyekuwa mpishi wa reli, na alikisema bila kukionea huruma.

"Wewe muke ya Sang," akasema. "Mama yako alikuzaa bila mudomo?"

Nikanyamaza. Macho chini, kama nilivyofunzwa.

"Ona sasa! Nauliza, na bado ananyamaza! Tangu mulikuja unanipita hapa kila siku kama mimi ni ukuta. Kiburi hiyo munapanda huko Kenya kama mahindi?"

Mwanangu, kitu kilipasuka ndani yangu. Adabu yote ya Kaptagat ikaruka dirishani. "Kiburi? Mimi?" nikamwambia. "Nyinyi ndio mmekataa kunisalimia! Nimesimama hapa nikingoja mpaka miguu ikataka kuota mizizi. Hakuna hata mama mmoja aliyefungua mdomo!"

"Tukusalimie?" Alijishika kifua. "Sisi? Tukusalimie wewe?"

"Si wewe ni mkubwa?"

"Mimi ni mukubwa, ndiyo."

"Basi! Kwetu mkubwa ndiye anaanza. Mdogo anangoja. Akianza yeye, amemvunjia mkubwa heshima."

Nakagolo alinitazama. Akatazama ndoo, ambayo sasa ilikuwa inamwaga maji kila upande. Akanitazama tena. Halafu mashavu yakaanza kumtetemeka, akakaa chini kwenye saruji ya bomba, puu, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

"Kagoya!" akaita. "Kagoya wee! Kuja usikie!"

Kagoya alikuwa jirani yake, mwanamke mrefu mwenye pengo la mbele. Alitoka mbio na samaki mkononi, nusu ameparuliwa magamba. "Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Salamu ndiyo imekufa! Huyu mutoto alikuwa anangoja sisi wazee tumusalimie!"

"Ati nini?"

"Kwao mukubwa ndiye anaanza!"

Kagoya akaweka samaki juu ya bomba, akapiga makofi. "Yesu wangu! Na mimi nilikuwa naambia watu huyu ni bubu. Nilikuombea kanisani, wewe! Nilisema, Mungu, huyu musichana muzuri, mufungue ulimi. Kumbe ulimi iko na maneno namna hii!"

Sikutaka kucheka. Nilikuwa nimekasirika, nimeloa miguu, na mzigo wangu uko mlangoni. Lakini samaki yule alikuwa ameteleza, akaanguka ndani ya ndoo yangu, na Kagoya akawa anamvua kwa mkono huku akimkaripia. Kicheko kikanitoka kama chafya. Tukacheka wote watatu pale juani, na mimi nikawa nalia pia, sijui kipi kilikuwa kipi.

Ndipo Nakagolo akaacha kucheka. Uso wake ukawa wa mama. "Kagoya ameona umefunga muzigo," akasema. "Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Sababu ya salamu?"

Nikafunga bomba.

"Sikia, mutoto. Adabu yako ni ufunguo ya nyumba ya mama yako. Ni ufunguo muzuri, usitupe, siku moja utarudi kufungua nayo. Lakini hapa mulango ni mwingine! Utasimama unasukuma ufunguo ya kwenu kwa mulango ya watu, halafu unasema nyumba imekukataa?" Akavuta pumzi. "Na kitu ingine. Wewe unafikiri tunalala tukikuchukia. Mimi nimeamka leo nikifikiria mugongo yangu. Kagoya anafikiria samaki. Nani ako na nafasi ya kukuchukia?"

Mwanangu, neno hilo la mwisho lilinipiga kuliko yote. Nilikuwa nimejifungia ndani nikiamini laini nzima imenikalia kikao, kumbe kila mtu alikuwa na mgongo wake!

Kisha akanipa agizo. Kwao, mdogo ndiye huanza, na mwanamke mdogo hupiga magoti akisalimia. Kesho asubuhi, wanawake wote wakiwepo, nije nipige magoti na kusema kwa Kiganda, lugha iliyowaunganisha wote pale, Wasuze otya, nyabo, yaani umelalaje, mama.

"Magoti?" nikauliza. Kwetu magoti nilikuwa nampigia Mungu peke yake.

"Magoti. Kwani yako ni ya mayai?"

Jioni Arap Sang aliporudi aliona mzigo pale mlangoni. Aliugusa kamba, akasema polepole, "Umefunga vizuri." Hayo tu. Hakuwa mtu wa maneno.

Nikamwambia, "Usiubebe bado. Kesho nina kazi ya kupiga magoti."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, mpaka samaki. Unajua alifanya nini yule mwanamume? Alichukua leso yangu akajifunga kichwani, akakaa juu ya kigoda, akatoa tumbo mbele kama mama wa Kisoga, akasema kwa sauti nyembamba, "Haya, jifunze kwangu." Nikapiga magoti mbele yake. "Wasuze otya, nyabo." Akasema, "Sauti ya mbuzi hiyo. Tena!" Nikasema tena. Majirani wa ukuta wa pili wakagonga wakiuliza kuna sherehe gani. Hicho ndicho kicheko cha kwanza kusikika chumbani mwetu tangu tufike Jinja, na jua hata lilikuwa halijazama.

Asubuhi nikaenda. Nilitembea kama mtu anayeenda kujibu kesi. Wanawake walikuwa wamejaa, Namukose, Kagoya, Mama Nabirye wa mapacha, wote. Wakanyamaza, kama kawaida yao. Nikaweka ndoo chini, nikamwendea Nakagolo, nikapiga magoti. Lakini pale palikuwa na matope, na mimi nilipiga magoti kwa nguvu ya mtu aliyekata shauri. Nikateleza! Niliteleza kwa magoti yangu yote mawili mpaka nikagonga miguu ya Nakagolo, na kwa hofu salamu ikanitoka kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde:

"WASUZE OTYA, NYABO!"

Kuku mmoja akakimbia.

Halafu Mama Nabirye akapiga vigelegele. Wengine wakamfuata. Nakagolo akanishika mikono, na pale pale matopeni akanijibu salamu nzima, maana salamu ya kwao ni ndefu kuliko mahubiri: umelalaje, mume amelalaje, watu wa kwenu wamelalaje, ng'ombe wamelalaje, na kila jibu lina mguno wake. Nilikuwa sijui maneno, nikawa naguna tu. Nikaguna kwa Namukose, nikaguna kwa Mama Nabirye, nikazunguka bomba lote. Nilirudi nyumbani gauni ni tope tupu, maji nimesahau kuteka, na moyo unaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi.

Nikafungua mzigo. Vitu vyangu vilikuwa vichache, lakini nilivipanga kama mtu anayehamia jumba.

Jumamosi hiyo Arap Sang alinipeleka, siyo stesheni, bali sokoni. Na hapo macho yangu yalifunguka, mwanangu! Nilikuwa nimeishi pale muda wote huo sijaona kitu. Niliona mafenesi makubwa kama watoto waliolala. Niliona mama amekaa na mafungu ya mboga, nikasimama ghafla, nikapiga kelele. Ilikuwa saga! Saga yetu, ile tunayochuma nyuma ya boma baada ya mvua, imekaa pale chini ya jua la Uganda, wenyewe wakiiita jjobyo. Niliinusa nikiwa nimefumba macho. Muuzaji akamuuliza Arap Sang kama mkewe ni mzima. Akamwambia, "Ameonana na ndugu yake."

Kuanzia siku hiyo tukawa na desturi yetu. Badala ya kuniuliza "Leo je?", jioni akiingia aliuliza, "Leo umechuma nini?" Na mimi sharti niwe na kitu cha kumpa. Siku nyingine ni kikubwa, kwamba Kagoya amenifundisha kufunga matoke, zile ndizi zao za kupika, kwa majani yake, mikono yangu imekuwa myeusi kwa utomvu kama ya fundi wa magari. Siku nyingine ni kidogo, bata aliyefungwa kamba mguuni akitembea kama askari. Siku nyingine sina kitu kabisa, nimenuna, nawakumbuka watu wangu. Basi natoka nje nikiwa nimenuna hivyohivyo, nachungulia mpaka nipate. Na ajabu ni kwamba ukijua jioni utaulizwa, mchana macho yanakaa wazi. Furaha ni kama mboga za kienyeji. Hazipandwi na mtu, huota zenyewe kando ya njia, lakini haziruki kuingia chunguni. Sharti uiname.

Usinielewe vibaya, upweke haukuisha siku moja. Mvua ikinyesha nililia nikikumbuka baridi ya Kaptagat na harufu ya miti. Kuna waliobaki kunicheka lafudhi, na Namukose alinipenda leo, kesho akaninunia. Ndivyo watu walivyo, hata kwetu wako. Tofauti ni kwamba sasa nilijua nikinuniwa na Namukose, si Uganda yote imeninunia.

Mvua za pili zilipoanza, akaja bibi arusi mgeni, msichana wa kutoka upande wa Soroti aitwaye Akello. Alisimama pale bombani na ndoo yake, kidole mdomoni, amekauka. Nikasikia wanawake wakianza, "Huyu naye anajiona." Mwanangu, miguu yangu ilikwenda yenyewe kabla sijaamua. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akatikisa kichwa. Nikamsalimia kwa Kiganda changu cha kuvunjika, akatabasamu. Nikamshika mkono nikamleta kwa Nakagolo. Nakagolo akanitazama juu mpaka chini, akawaambia wenzake, "Ona bubu wetu." Sijawahi kusifiwa kanisani wala shuleni, ambako nilifika darasa la tatu tu. Sifa hiyo ilinitosha.

Tuliishi Jinja mpaka nikazaa watoto wetu wawili wa kwanza, na Nakagolo ndiye aliyewaogesha. Wazee wanasema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Wanasema pia mwacha mila ni mtumwa. Vijana huniuliza, Kogo, sasa tufuate ipi? Mimi nawaambia, zote mbili ni kweli. Nilipiga magoti Jinja, na nilipopanda garimoshi kurudi, nikashuka hapa Eldoret nikamngoja mama mkwe aanze salamu. Sikupotea. Niliongezeka.

Sasa, nisikuchoshe na ya zamani peke yake. Mjukuu wangu Jerop, binti wa mwanangu Kimutai, alikwenda Finland kusomea uuguzi, na sasa anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Kiangazi kilichopita alinipigia simu ile ya kuonana uso kwa uso, lakini alinionyesha dari tu. Nikajua.

"Geuza simu nikuone," nikamwambia. "Dari hiyo sikuizaa mimi."

Akageuza. Amekonda. Akasema, "Kogo, nataka kurudi. Hapa watu hawanitaki. Wakati wa mapumziko wote wanaenda kunywa kahawa, mimi nabaki kwenye chumba cha kubadilisha nguo nakula mkate peke yangu."

"Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Wamekwambia usije?"

"Hapana, Kogo. Lakini hakuna mtu ameniambia karibu."

Haki, niliruka kwenye kiti mpaka goti langu bovu likalia! Kwa sababu nilimwona. Nilijiona mimi mwenyewe na ndoo yangu. Huyu ni mtoto wa Eldoret, amelelewa mahali ambapo huwezi kupita mlango wa mtu bila kuvutwa ndani kwa chai. Anangoja karibu. Na kule labda karibu yao haina sauti!

Nikamwambia, "Hiyo birika ya kahawa iko wapi?"

"Mezani."

"Na vikombe?"

"Viko tu hapo."

"Basi hiyo ndiyo karibu yao, mtoto wangu! Kesho ingia, jimiminie, keti. Wakikutimua, rudi, mimi nitauza kondoo nikutumie nauli."

Kesho yake simu ikalia nikiwa nakamua. Jerop anapiga kelele, anacheka, siwezi kusikia neno. "Kogo! Kogo, nimekalia kiti cha mtu!"

Alikuwa ameingia, akamimina kahawa, akaketi kiti cha kwanza alichokiona. Chumba kizima kikageuka kumtazama. Kumbe kiti kile ni cha mama mmoja mzee wa kazi aitwaye Helvi, na hakuna mtu amekigusa tangu Helvi aajiriwe. Helvi akaingia, akasimama, akamwangalia. Jerop akafikiri leo amekwisha. Helvi akavuta kiti kingine, akakaa karibu naye, akasema neno moja tu: "Vihdoinkin." Jerop akaniambia maana yake ni, hatimaye.

Hatimaye! Kumbe nao walikuwa wanangoja.

Basi, mwanangu, uliye na paspoti mpya mfukoni, au uliyeko huko tayari umejifungia chumbani na simu, haya ndiyo ninayokuachia. Usingoje kusalimiwa ugenini. Uliza, katika nchi hii nani huanza, na ukishajua, anza, hata kama utateleza. Kuteleza mbele ya watu si kuanguka, na mara nyingi ndipo watu wanapokupenda. Usijione mdogo kwa sababu hujui njia zao. Hata mwenye nyumba akihama, kesho yake anaulizia choo kiko wapi. Usidhani mji wote umekukalia kikao, kila mtu ana mgongo wake unaomuuma. Na kila siku, kabla ya giza, chuma kitu kimoja kilichokufurahisha, ukitie kinywani, umwambie mtu. Ukikosa mtu, jiambie mwenyewe kwa sauti. Kujiamini si kitu cha kusubiri kikukute kitandani. Kunakuja ukiwa tayari umesimama mlangoni, unatetemeka, na viatu umevaa.

Ukishuka kwenye ndege, simu ya kwanza isiwe yetu. Mtafute kwanza mtu mmoja wa huko, hata kama ni mfagiaji, umwambie jina lako lote na yeye akwambie lake, halafu ndiyo utupigie, na utuambie anaitwa nani.

Na sasa inamisha kichwa. Mungu akuondolee miiba njiani. Akupe majirani wenye kelele na sufuria kubwa. Kazi ya mikono yako isikaukie hewani. Ukicheka, upate wa kucheka naye, na ukilia, asikukawie wa kukufuta machozi. Jina la baba yako lisipotee huko, na lako liongezeke. Sisi tukibariki tunasema anyiny, yaani iwe tamu. Iwe tamu asubuhi, iwe tamu jioni, na barafu ya huko iwe tamu miguuni mwako.

Anyiny, mwanangu. Nenda.